Apgar aliyeandikwa kwenye kadi ya mwanao

Swali: "Shikamoo daktari. Nimejifungua mtoto wa kiume wiki tano zilizopita, uzazi wangu wa kwanza. Kwenye kadi wameandika Apgar 5/9. Wifi yangu anasema wa kwake alipata 9/10, na kwamba mtoto akipata 5 huwa mzito shuleni. Tangu siku hiyo silali. Nesi wa kliniki aliniambia Apgar ni jina la mtu, ila foleni ilikuwa ndefu, hakuendelea. Huyo mtu ni nani, na ilikuwaje akampa mwanangu alama 5?" — Mama wa Morogoro

Marahaba mwanangu, na hongera kwa uzazi. Nianze na kilichokukosesha usingizi. Ule mstari kati ya 5 na 9 si wa hesabu za shule. Mwanao hakupata 5 kati ya 9, wala wa wifi yako hakupata 9 kati ya 10. Ni alama mbili za nyakati mbili: ya kwanza hupimwa mtoto akitimiza dakika moja tangu atoke, ya pili akitimiza dakika tano. Mwanao alizaliwa amechoka, kama wasemavyo wakunga. Akatokea mtu akamkausha, akamsugua mgongo, pengine akampa hewa kwa ambu, ule mfuko wa kubonyeza wa kusukuma hewa, naye akaitikia. Ilipofika dakika ya tano alikuwa na 9, na alama ya dakika hiyo ikiwa 7 au zaidi sisi hupumua. Nitarudi kwenye habari ya shule baadaye.

Swali lako la pili limenigusa, kwa sababu mimi ni daktari wa usingizi, yule anayekulaza ili usisikie maumivu ya upasuaji, na huyo Apgar alikuwa wa fani yetu. Zaidi ya miaka 20 nimesimama upande wa kichwa cha kitanda, akina mama wakifanyiwa upasuaji. Kila siku nasikia jina lake likitajwa, na wengi wanaolitaja hudhani ni kifupisho cha maneno fulani. Wachache wanajua kwamba lilikuwa jina la ukoo, na kwamba mwenyewe alikuwa mwanamke.

Virginia Apgar alizaliwa tarehe 7 Juni 1909 huko Westfield, katika jimbo la New Jersey nchini Marekani, akiwa kitinda mimba wa watoto watatu. Maradhi aliyakuta nyumbani: kaka yake mmoja alifariki mdogo kwa kifua kikuu, na mwingine alikua na ugonjwa usiokwisha. Baba yao, Charles, alifanya kazi ya bima, lakini moyo wake ulikuwa kwenye mitambo na nyota. Mwaka 1915, wakati wa vita kuu ya kwanza, alinasa kwa vifaa vyake vya nyumbani mawasiliano ya kituo cha redio cha Wajerumani kilichokuwa Sayville, katika jimbo la New York, na rekodi zake zikaisaidia serikali ya Marekani kujua kilichokuwa kikitumwa. Binti aliyekua katika nyumba ya namna hiyo haogopi kugusa kitu asichokijua. Na ilikuwa nyumba ya muziki: Virginia alijifunza fidla tangu utotoni, fidla ileile tunayoisikia kwenye taarabu, na hakuiacha maisha yake yote.

Chuo cha kwanza, Mount Holyoke, alikimaliza mwaka 1929. Ada aliipata kwa misaada ya masomo na vibarua, na kimojawapo kilikuwa kukamata paka wa maabara ya zuolojia. Mwaka huohuo akaingia chuo cha udaktari cha Columbia, New York. Darasani walikuwa 90, wanawake 9 tu. Hawajakaa sawa, soko la hisa la Marekani likaanguka, fedha zikapotea mikononi mwa watu. Alikopa, akasoma, akahitimu mwaka 1933 akiwa wa nne katika darasa lake, na deni juu.

Alitaka kuwa daktari wa upasuaji. Mikono alikuwa nayo, na alipata nafasi ya mafunzo katika hospitali ya Presbyterian, palepale Columbia. Mkuu wa idara alikuwa Allen Whipple, ambaye madaktari wa upasuaji wote wanamjua kwa upasuaji wa kongosho unaoitwa kwa jina lake. Whipple alimwita akamshauri aachane na kisu. Alikuwa ameshawafundisha wanawake wengine upasuaji, akaona hawapati wagonjwa wa kuwalipa. Alimwonyesha njia nyingine: usingizi. Upasuaji, alisema, hauwezi kusonga mbele mpaka kazi ya kumlaza mgonjwa ifanywe vizuri zaidi, na yeye Virginia ana akili na nguvu za kuifanya.

Jambo hili nimeliwaza sana. Nia ya Whipple ilikuwa njema, na alichosema kuhusu fani yetu kilikuwa kweli. Hata hivyo mlango ulikuwa umefungwa, na ulifungwa kwa sababu ya jinsia ya binti, wala si kwa sababu ya mikono yake. Nilipokuwa mwanafunzi nami niliambiwa na mtu niliyemheshimu kwamba upasuaji utanitesa nikiwa na watoto. Simsemi kwa ubaya. Nasema tu kwamba najua uzito wa maneno hayo yanapotoka kwa mtu anayekutakia mema, maana huna hata wa kumkasirikia.

Usingizi wakati ule haukuwa kazi ya heshima kwa daktari. Pale Presbyterian ulikuwa mikononi mwa wauguzi, kama ambavyo hata leo katika hospitali nyingi za wilaya hapa kwetu anayekulaza si daktari. Virginia alianza kwa kujifunza kwa hao wauguzi. Mwaka 1937 akaenda Madison, Wisconsin, kwa Ralph Waters, aliyekuwa ameanzisha idara ya usingizi iliyosifika kuliko zote Marekani. Nafasi ya kusoma ilikuwapo, kitanda cha mwanamke hakikuwapo, akawa wa kuhamahama kutafuta mahali pa kulala. Kisha akarudi New York kwa Emery Rovenstine, katika hospitali ya Bellevue. Mwaka 1938 Presbyterian wakamfanya mkuu wa kitengo cha usingizi, mwanamke wa kwanza kuongoza kitengo katika hospitali hiyo. Kwa miaka kadhaa daktari wa kitengo hicho alikuwa yeye peke yake. Alifundisha, akalaza wagonjwa, akaandika taarifa, akapigania malipo, maana madaktari wa upasuaji hawakumhesabu kuwa mwenzao.

Mwaka 1949 kitengo kikapandishwa kuwa idara kamili. Ungedhani uongozi utakwenda kwa aliyekibeba kwa miaka 11. Ulikwenda kwa daktari mwanamume, Emanuel Papper. Virginia akapewa uprofesa kamili, akawa mwanamke wa kwanza kuufikia katika chuo kile cha udaktari. Hadharani hakulalamika. Alikuwa akisema wanawake wamekuwa huru tangu walipotoka tumboni mwa mama zao. Faraghani, kwa marafiki, alisema uchungu wake kuhusu mishahara ambayo haikulingana. Mimi sioni mgongano hapo. Anayetaka kazi iende hubeba yote mawili.

Alipotuliwa mzigo wa uongozi, akahamia alikotaka: usingizi wa akina mama wanaojifungua, katika hospitali ya wanawake ya Sloane, sehemu ya hospitali ileile. Na hapo ndipo hadithi inapofika kwa mwanao.

Jaribu kuona chumba cha kujifungulia cha miaka ile. Mtoto akitoka, macho yote ni kwa mama: damu, kondo, nyuzi. Mtoto akilia, vizuri. Asipolia, akiwa amelegea na mwenye rangi ya bluu, wengi walimweka pembeni wakiamini kwamba ameshakwenda au hatafika mbali, na akaandikwa kuwa alizaliwa mfu. Hakuna aliyekuwa na kipimo cha pamoja cha kusema huyu yuko hivi, yule yuko vile. Mmoja aliona mtoto "anaendelea vizuri", mwingine akamwona mtoto huyohuyo yu hoi. Vifo vya watoto wachanga Marekani vilikuwa vimepungua sana kwa miongo miwili, ila vya saa 24 za kwanza havikutikisika.

Nami nimekiona chumba hicho. Nilikuwa daktari mgeni kazini, katika hospitali ambayo sitaitaja, usiku, upasuaji wa dharura. Mama alikuwa akivuja damu na mikono yetu sote ilikuwa kwake. Mtoto alitoka hakulia. Akalazwa kwenye meza ya pembeni, akafunikwa khanga. Mkunga mmoja wa makamo akaenda, akafunua, akashika kitovu kwa vidole viwili akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Kinadunda." Akachukua ambu. Baada ya muda uliokuwa mrefu kuliko usiku wenyewe, yule mtoto alilia. Khanga ile sijaisahau. Hakuna aliyekuwa na nia mbaya mle ndani. Hakuna tu aliyekuwa amepewa kazi ya kumtazama mtoto.

Daktari wa usingizi husimama mahali panapomwezesha kuona yote. Hashiki kisu, hashoni. Mama akishatulia, ana sekunde kadhaa za kuinua macho. Virginia Apgar aliyainua, akaona watoto.

Asubuhi moja ya mwaka 1949, wakipata kifungua kinywa kwenye mgahawa wa hospitali, mwanafunzi mmoja wa udaktari alimuuliza mtoto mchanga apimweje hali. Akajibu ni rahisi, akashika karatasi iliyokuwa karibu, akaandika vitu vitano. Halafu akatoka mbio kwenda wodi ya wazazi kuvijaribu. Ndivyo alivyokuwa, mtu wa kwenda mbio. Alisema haraka, alitembea haraka, na aliendesha gari haraka.

Vitu hivyo vitano mkunga wako alivitazama kwa mwanao. Mapigo ya moyo: hayapo ni 0, yapo chini ya 100 kwa dakika ni 1, zaidi ya 100 ni 2. Kupumua: hapumui, anapumua kwa shida na kwa kusitasita, au analia kwa nguvu. Misuli: amelegea kama kitambaa kibichi, amekunja kidogo mikono na miguu, au anarusharusha. Kuitikia akiguswa, mathalani akipitishiwa mrija puani: kimya, kukunja uso, au kukohoa, kupiga chafya na kulia. Mwisho rangi. Kila kimoja 0, 1 au 2, ukijumlisha unapata kati ya 0 na 10. Havihitaji umeme wala maabara. Vinahitaji macho, masikio, vidole viwili na saa.

Kuhusu rangi nikwambie jambo ambalo mwenyewe aliliandika. Aliona hiyo ndiyo dalili isiyoridhisha kuliko zote, iliyozua ubishi mwingi, na akataja utando mweupe unaomfunika mtoto na weusi wa ngozi wa kurithi kuwa miongoni mwa vinavyotatiza. Kwa watoto wetu ndiyo sababu tunatazama midomo, ulimi, viganja na nyayo. Tena watoto wengi sana wazima huwa na mikono na miguu ya bluu katika dakika ya kwanza, wanapoteza alama moja hapo. Mtoto mwenye 10 kamili katika dakika ya kwanza ni nadra, na mkunga anayewapa 10 watoto wote hukumbushwa na mwenzake aangalie tena.

Alikuwa na sharti jingine ninalolipenda. Anayetoa alama, alisema, asiwe yuleyule anayezalisha, kwa sababu anayezalisha moyo wake umeshaingia kwenye matokeo na atamwona mtoto kama anavyotamani awe. Kwetu, ambako usiku mmoja mkunga mmoja anaweza kuwa na akina mama watatu wanaosukuma, sharti hilo hutushinda, na mara nyingine alama huandikwa baadaye kwa kukumbuka. Hilo ni la kurekebishwa kwa kuongeza wakunga, si kwa kuwakaripia waliopo.

Kipimo alikiwasilisha kwa wenzake mwaka 1952, akakichapisha mwaka 1953, baada ya kukitumia kwa watoto zaidi ya 1,000 pale Sloane. Kati ya watoto waliozaliwa mimba ikiwa imetimiza miezi yake, waliopata 0 hadi 2 walifariki kwa kiwango cha asilimia 14. Waliopata 3 hadi 7, asilimia 1.1. Waliopata 8 hadi 10, asilimia 0.13. Itazame tena hiyo ya kati, mwanangu, kwa sababu ndiyo ya mwanao. Hata zama zile, kabla vifaa vya leo havijaenea, watoto 98 na zaidi kati ya 100 wa kundi hilo waliishi. Alichaguliwa mtoto wa kundi hilo ili asaidiwe, akasaidiwa.

Alianza na dakika moja tu. Ile ya tano iliongezwa baadaye, ili kuona kama msaada umefanya kazi. Kufikia miaka ya 1960 kipimo kilikuwa kimeenea, na daktari wa watoto wa Denver, Joseph Butterfield, akabuni namna ya kuwasaidia wanafunzi wakikumbuke: kila herufi ya jina Apgar akaipa neno la Kiingereza linaloanza nayo, lenye maana, kwa mfuatano, ya mwonekano, mapigo, mkunjo wa uso, misuli, upumuaji. Ndipo jina la mwanamke lilipoanza kumezwa na kifupisho. Virginia alipoambiwa alifurahi. Mimi sifurahi sana, na ndiyo sababu moja ninayokuandikia kwa urefu huu.

Kuna jambo la maisha yake ambalo kwangu ni kubwa kupita lile la mgahawani. Akiwa na Duncan Holaday, pamoja na daktari wa watoto L. Stanley James, alianza kupima damu ya kitovu cha watoto aliowapa alama. Watu waliamini kwamba mtoto kukosa oksijeni kidogo wakati wa kuzaliwa ni kawaida. Damu ikaonyesha vingine: wenye alama za chini walikuwa na oksijeni pungufu na damu yenye asidi nyingi, na walihitaji kusaidiwa mara moja. Kisha ikaja habari ngumu zaidi. Dawa aliyopewa mama ilimfikia mtoto, na ile gesi ya usingizi iliyoitwa saiklopropani ndiyo iliyowachosha watoto kuliko nyingine. Saiklopropani ilikuwa gesi yake. Aliipenda, aliifundisha, mikono yake iliizoea. Alipoona takwimu akaiacha kwa akina mama wanaojifungua, na wengine wakamfuata.

Sisi wa usingizi tuna dawa tunazozipenda kama mpishi anavyopenda chungu chake. Tukiambiwa zina kasoro tunatafuta kosa kwenye utafiti. Kubuni kipimo, halafu kipimo chako mwenyewe kikakuambia kwamba umekuwa ukiwaumiza watoto kwa mkono wako, ukakubali siku hiyohiyo: nimewaona wachache wa namna hiyo.

Alitembea na vifaa kwenye mkoba: kisu kidogo, mrija wa kupitishia hewa kooni na kifaa cha kutazamia koo. Barabarani, mgahawani, popote. Alisema hakuna mtu, hata mmoja, atakayeacha kupumua mbele yake.

Mwaka 1959, akiwa na miaka 50, alikuwa masomoni tena, shahada ya uzamili ya afya ya jamii katika Chuo Kikuu cha Johns Hopkins. Hakurudi kwenye usingizi. Alijiunga na March of Dimes, taasisi iliyoasisiwa na Rais Franklin Roosevelt mwaka 1938 kupambana na polio. Chanjo ya polio ilikuwa imepatikana mwaka 1955, sasa taasisi iligeukia watoto wanaozaliwa na kasoro za maumbile, na yeye akaongoza kazi hiyo. Alizunguka nchi nzima akizungumza na wazazi waliokuwa wameficha watoto wao kwa aibu. Mlipuko wa rubela, ugonjwa unaomdhuru mtoto akiwa bado tumboni, wa miaka ya 1964 na 1965 ulipoacha Marekani takriban watoto 20,000 wenye madhara, uziwi, mtoto wa jicho na moyo wenye tundu, alikuwa miongoni mwa waliohimiza chanjo kwa sauti kubwa. Mwanao ataipata hiyo chanjo, pamoja na ya surua, akifika miezi 9, na tena miezi 18. Usiikose. Alihangaikia pia watoto njiti, wakati ambapo wengi hawakuwapa hata nafasi ya kutajwa.

Sasa nikusimulie la kibanda cha simu, maana bila hilo utamwona kama picha ya ukutani. Mwaka 1956 alikutana na mgonjwa, Carleen Hutchins, mwalimu aliyekuja hospitali na ala ya muziki aliyoitengeneza mwenyewe. Wakawa marafiki, na Virginia akajifunza kuchonga. Hutchins aliona kwamba rafu ndani ya kibanda cha simu pale hospitalini ilikuwa ya mbao safi ya mepo, yenye mawimbi, inayofaa kabisa kuwa mgongo wa viola, ndugu mkubwa wa fidla. Hospitali wakaombwa wakakataa. Usiku mmoja, Virginia akiwa amevaa sare ya kazi na kusimama mlinzi koridoni, Hutchins aliing'oa na kuweka mbao nyingine iliyopakwa rangi ifanane. Ile mbadala ikawa ndefu kidogo, ikabidi ikakatwe kwa msumeno chooni. Viola ilitengenezwa, ikapigwa. Kwa jumla walitoka na ala nne: fidla, fidla nyingine ya ukubwa wa kati, viola na selo. Alipopita miaka 50 alianza pia kujifunza kurusha ndege, na alitamani siku moja apite chini ya daraja la George Washington.

Hakuolewa. Hakustaafu. Alifariki tarehe 7 Agosti 1974, akiwa na miaka 65, kwa ugonjwa wa ini, katika hospitali ya Columbia-Presbyterian alikofanyia kazi ujana wake wote. Alikuwa mkusanyaji wa stempu, na mwaka 1994 posta ya Marekani ikatoa stempu ya senti 20 yenye sura yake. Madaktari wa watoto wakakutana Dallas mwaka huo, na zile ala nne zikapigwa mbele yao.

Tuje kwa wifi. Kutumia alama ya dakika ya kwanza kutabiri akili ya mtoto ni kukipa kipimo kazi ambayo hakikutumwa. Virginia alikitengeneza ili watu waliomo chumbani wajue, sasa hivi, mtoto gani anahitaji mikono. Vyama vya madaktari wa watoto na wa uzazi vya Marekani vimesema wazi kwamba alama hiyo isitumiwe kutabiri maisha ya mtoto mmoja mmoja. Alama ikiwa chini dakika ya tano, na hasa mtoto akibaki chini ya 4 mpaka dakika ya kumi na zaidi, ndipo tunapoanza kuwa na wasiwasi na kumfuatilia kwa karibu. Mwanao alikuwa na 9.

Kwako wewe, kuna mambo yenye uzito kuliko ile 5. Ananyonya kwa nguvu? Alipata degedege katika siku za kwanza? Unapomnyanyua, mwili unalegea kupita kiasi au unakakamaa? Anashtuka kwa kelele, anakufuata kwa macho? Katika wiki hizi zinazokuja utamwona anakutabasamia ukimsemesha. Shingo itakaza kama miezi mitatu hadi minne. Lolote kati ya hayo likikutia shaka, lipeleke kliniki ulitaje kama lilivyo, na useme pia kwamba alizaliwa amechoka. Yote yakienda sawa, mwanao ni mtoto kama wengine waliopata 9 na 10.

Na leo hatungoji hata hiyo dakika ya kwanza iishe. Mwaka 2009 Tanzania ilianza mafunzo ya kuwasaidia watoto kupumua, yanayoita dakika hiyo Dakika ya Dhahabu: kausha, sugua, safisha njia ya hewa, na asipopumua mpe hewa kwa ambu kabla sekunde 60 hazijakwisha. Katika hospitali 8 zilizofuatiliwa, vifo vya ndani ya saa 24 vilipungua kwa asilimia 47. Na watoto waliohesabiwa kuwa wamezaliwa wafu, wale ambao miili yao ilikuwa bado haijaharibika, walipungua kwa asilimia 24. Takwimu hiyo ya pili niliisoma mara tatu. Baadhi ya waliokuwa wakiandikwa wafu walikuwa hai. Walikuwa wakingoja mtu afunue khanga.

Kwa hiyo aliyempa mwanao 5 si Apgar. Ni mkunga aliyekuwa zamu siku ile, aliyemtazama kwa dakika nzima, akaona hayuko sawa, akaandika ukweli badala ya kuandika 8 ili kadi ipendeze, kisha akamshughulikia mpaka akafika 9. Wiki ijayo utampeleka mtoto chanjo ya wiki ya sita. Kama uso wa yule mkunga unaukumbuka, pitia wodi ya wazazi umwonyeshe jinsi alivyonenepa.